Printa Iliyokalia Kiti Changu

Kwetu mtu akifa anabandikwa. Siku ya msiba anabandikwa, arobaini yake anabandikwa, miezi sita anabandikwa, mwaka anabandikwa, na kuendelea hivyo mpaka walio hai wachoke au nao wabandikwe. Ni karatasi moja tu: picha juu, jina chini yake, maneno machache ya majonzi, na majina ya waliobaki. Unaibandika kwenye geti lako, kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi, mlango wa duka la mikate. Ukitoka asubuhi kwenda sokoni unasalimiana na wafu kabla hujakutana na mzima hata mmoja. Mimi hilo halinisumbui. Wafu wa mtaa wetu wana adabu kuliko wazima.

Wengine huchapishiwa matangazo yao na wauza majeneza. Mimi nilikataa katakata. Mume wangu Dobrin aliacha printa jikoni, halafu nimpelekee mgeni uso wake auchape katikati ya nyuso za watu nisiowajua? Thubutu!

Printa yenyewe ilikuwa ya zamani, ya wino wa maji, rangi ya maziwa yaliyolala. Dobrin aliinunua alipostaafu kazi ya reli. Alizunguka nayo jikoni ameikumbatia, akitafuta pa kuiweka, mwisho akaitua juu ya kiti changu, pale mezani, karibu na chake.

"We Dobrin! Hicho ni kiti changu!"

"Chako tangu lini, Temenuga? Umewahi kukikalia?"

Mkononi nilikuwa na sufuria, na sufuria ilikuwa ya moto, na mtu mwenye sufuria ya moto hana muda wa kubishana. Basi printa ikakaa hapo miaka yote, ikichapa lebo za chupa zetu za pilipili hoho za kusaga, na ratiba za treni ambazo hakuna aliyeziomba. Ilikuwa na gubu. Ukitaka ichape lazima ubonyeze mara ya kwanza, ubonyeze tena, ubonyeze tena, kisha uipige kofi la ubavu. Ndipo inakohoa na kuanza. Dobrin alinifundisha kila kitu, hasa kofi.

Alipokufa, nilimchapishia tangazo lake mwenyewe kwa printa ile ile. Rangi ya buluu ilikuwa imeziba, kwa hiyo Dobrin, mzee wa watu mwenye nywele nyeupe, alitoka na mashavu ya waridi. Nilimbandika hivyo hivyo, na nikamwona mzuri.

Sasa niwaambie kuhusu ndoto, na mtu asinicheke. Usiku mimi sioti kitu. Ni mchana, baada ya chakula, nikijinyoosha kwenye kochi la jikoni huku mvua ikigonga bati la banda la kuku, ndipo Dobrin anapokuja. Na alikuwa anakuja vile alivyokuwa kwenye tangazo la getini. Wiki za mwanzo alikuja na mashavu yake ya waridi, akasimama mlangoni, na jikoni kukajaa mwanga wa manjano kama wa siku za kuvuna zabibu. Nje, mto wa mpakani ulio chini ya mtaa wetu ulikuwa umepanda taratibu mpaka uani, bila kelele, na mzabibu wetu unaelea juu ya maji na majani yake yote. Mimi sikuogopa. Katika ndoto ile mto kuwa uani lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Kisha vuli ikaingia na mvua zake. Wino wa maji na mvua ni kama sukari na mvua. Nilikwenda getini asubuhi moja nikakuta Dobrin anatiririka. Macho yalikuwepo, paji la uso lilikuwepo, ila mdomo ulikuwa umeshuka pamoja na rangi yake mpaka kwenye jina. Nilichapa mwingine, mvua ikaja. Nikachapa tena, ikaja tena. Nilijaribu kumtia kwenye mfuko wa plastiki, ukungu ukaingia humo ndani akawa anatoka jasho, ikawa balaa zaidi.

Na katika usingizi wa mchana akaja bila mdomo.

Alisimama pale pale mlangoni. Maji yalidondoka kwenye ukosi wa shati lake lakini sakafu haikulowa. Pale penye mdomo palikuwa na karatasi tupu, nyeupe, safi. Na alikuwa anasema kitu! Niliona taya linacheza. Niliona mkono unanyanyuka, unaelekea kwangu, unashuka. Nilimwambia, "Sema kwa nguvu, mume wangu, sikusikii," akarudia, nami nikaona uchungu machoni mwake, uchungu wa mtu anayesema jambo dogo na haeleweki. Niliamka nikiwa nimekunja ngumi.

Alirudi hivyo kila mvua iliponyesha. Anasema, sisikii, anaondoka.

Nilimweleza Tsona. Tsona ni jirani yangu wa geti la mbele, rafiki tangu tulipokuwa na meno yetu wenyewe. Ana roho nzuri na domo refu, na hakuna ndoto asiyoijua maana yake. Aliweka kikombe chini.

"Shoga, anakuita."

"Ananiita wapi?"

"Unataka nikutajie? Mkono ananyanyua, eti? Basi ndiyo hiyo. Sikiliza Temenuga, marehemu akikuita usiitike. Mama yangu mdogo alimwitikia mumewe ndotoni, akasema tu 'abee,' ndoto ya mchana kama hizo zako. Hakuiona Pasaka."

"Mama yako mdogo alikuwa na ugonjwa wa moyo."

"Ugonjwa aliupata baada ya kuitika!"

Nilimcheka, lakini alipokwenda zake nilikaa na jambo lile. Niseme kweli. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Mvinyo wa Dobrin ulikuwa unageuka siki kwenye pipa kwa sababu mimi siujulii. Binti yetu Kremena ana maisha yake huko mjini. Kama Dobrin alikuwa ananiita, nilitaka nijue. Na nikishajua, sikuwa na hakika kwamba ningekataa. Hicho ndicho kilichoniogopesha, wala si Dobrin.

Mwaka ulipokaribia kutimia nikaketi kwenye ukingo wa kochi, nikawasha printa nichape tangazo la mwaka. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, nikapiga kofi. Ikakohoa, ikatoa karatasi yenye mistari mitupu. Kofi la pili, mistari. La tatu likaizima kabisa. Nilisimama pale na mkono unaniuma, nikalia kama mjinga, nikiililia printa.

Nilimpigia Kremena simu, naye akamtuma mumewe. Lyuben ni mkwe mzuri, mpole, anaongea na vifaa vya umeme kuliko anavyoongea na watu. Alifika Jumamosi na boksi kubwa kifuani.

"Hii ni ya leza, mama. Usahau mambo ya wino. Ndani kuna unga mweusi. Leza inachora, halafu kuna roli ya moto inaubanika unga kwenye karatasi. Ukishabanikwa umebanikwa. Inyeshe mvua, idondoke theluji, hautoki."

"Na mdomo?"

"Mdomo gani?"

"Wa baba mkwe wako. Mvua haitauchukua?"

Lyuben alinitazama kwa jicho lile ambalo watoto humtazamia mzee wanapoanza kumfikiria daktari.

"Hautachukuliwa, mama. Lakini rangi haina. Nyeusi tupu."

"Marehemu rangi ya nini?" nikajibu. Kumbe moyoni nilikuwa naaga yale mashavu ya waridi, na yaliniuma.

Leza ilikuwa nzito, ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Lyuben akainyanyua ile ya zamani kutoka kwenye kiti. "Hii naipitisha kwa wakusanya vifaa vibovu."

"Iache!"

"Imekufa, mama."

"Na mimi nimesema iache. Kwenye nyumba hii hatutupi mtu kwa sababu amekufa."

Aliipeleka bandani, akaitua juu ya pipa la mvinyo na kuifunika gunia. Kiti kikabaki wazi. Kwenye mto wa kiti palikuwa na mashimo manne ya miguu ya printa. Siku nzima nilikizunguka kile kiti kwa mbali, kiuno upande, kama vile printa bado ipo.

Lyuben ndiye aliyeniwekea picha ya kwanza, ile ile niliyoitumia siku zote, ya kitambulisho. Alibonyeza, leza ikavuta pumzi, na Dobrin akatoka kabla sijashusha mkono wangu kifuani. Sikuamini. Nikamchukua. Karatasi ilikuwa ya moto.

Jamani. Ilikuwa ya moto. Tangu siku ile ya hospitali sikuwa nimegusa kitu cha Dobrin kikiwa na joto. Niliibana shavuni mpaka ikapoa, na Lyuben, Mungu ambariki, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye boksi.

Tulimbandika getini. Usiku kucha mvua, asubuhi karatasi imejikunja pembeni lakini uso upo, kila unywele upo, hata alama ya wembe kidevuni. Nilipika maharage haraka haraka, nikala nimesimama, nikajinyoosha kwenye kochi kumsubiri.

Akaja. Rangi hana, ni kijivu kama alfajiri, lakini mkavu, kamili. Mto uani ulikuwa mweupe na umetulia. Nikamtazama mdomo. Mdomo ulikuwepo, na ulikuwa umefungwa! Ni mdomo wa kitambulisho, ule ambao polisi wa dirisha la vitambulisho alimwambia, "Funga mdomo, babu, usicheke, tazama mbele." Alijitahidi maskini. Mishipa ya shingo ilimtoka. Akanitazama, akatazama chini, akaondoka juu ya maji.

Niliamka najitukana. Mwanamke mzima, mwaka mzima wa kungoja mdomo, halafu nampa wenye kufuli!

"Mshukuru Mungu," Tsona aliniambia tulipokuwa tunachambua maharage. "Amefungwa mdomo, hawezi kukuita. Mwache hivyo."

"Simwachi."

"Temenuga, una wazimu."

"Ninao. Nipe hilo bakuli."

Kutafuta picha ya Dobrin amefungua mdomo si kazi ndogo. Meno yake yalikuwa mabaya na alikuwa anayaonea aibu. Kila harusi, kila ubatizo, amebana midomo. Nilikaa mbele ya kompyuta yake nikipitia miaka yetu, watoto wa watu wakizaliwa na kukua chini ya kidole changu, theluji ikianguka na kuyeyuka, mzabibu ukipanda juu ya chanja lake. Mimi simo. Ndipo nilipolitambua hilo. Kwenye picha zote za mezani simo. Pengine mkono wangu unaonekana ukiweka sahani.

Nikaipata moja. Siku ya kuchoma pilipili hoho, uani, wageni wameketi chini ya mzabibu, moshi umetanda. Dobrin yuko mwisho wa meza. Amegeuka kumtazama mpiga picha, na mdomo wake uko wazi, meno mabovu yote nje, anasema kitu. Mpiga picha ni mimi. Nakumbuka nilitoka jikoni na sinia la nyama, mtu akanipokea sinia na kunipa kamera. Lakini Dobrin alikuwa anasema nini? Nilifumba macho, nikaupata moshi, nikaipata harufu ya pilipili, nikamsikia mbwa wa Tsona. Sauti ya Dobrin haikuja. Nilisikitika mpaka nikaona haya, maana mtu ananiambia kitu, ananiambia mimi, na sikukiweka.

Kukata picha kubaki uso tu sikujua, hiyo ilikuwa kazi ya Lyuben. Nikaweka picha nzima juu ya jina lake, na maneno "mwaka mmoja bila wewe." Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, na tena, kama nilivyofundishwa, nikainuka nikaipiga kofi la ubavu.

Kumbe leza ilikuwa inapasha moto tu! Ikashusha pumzi, na Dobrin akaanza kutoka. Akatoka mmoja, akafuata mwingine, wakafuatana, wa moto wote, wanateleza juu ya kabati, wanaanguka kwenye meza, sakafuni, kwenye kochi. "Basi!" nikasema. "Inatosha, mume wangu!" Hawakusikia. Jikoni kulijaa Dobrin, na wote mdomo wazi. Nilikaa chini katikati yao nikicheka na kulia, na sikuona haja ya kuchagua kimoja.

Mashine ilinyamaza karatasi zilipoisha. Tsona, ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake, alikuwa mlangoni.

"Toba! Dobrin wangapi hawa?"

"Wengi."

Akaokota mmoja. Akavaa miwani. "Wewe, huyu anacheka. Huwezi kumbandika marehemu anacheka! Watu watasemaje?"

"Hacheki. Anaongea."

"Ndiyo vibaya zaidi!" Kisha akaisogeza karatasi karibu na dirisha, na sauti yake ikashuka. "Na hapa mkono kauweka wapi?"

Nikatazama. Kwenye kompyuta sikuwa nimeuona, na ile printa ya zamani ingeufanya doa. Leza ilikuwa imeuchapa wazi, mpaka pete. Mkono wa kushoto wa Dobrin ulikuwa umeshika mgongo wa kiti cha pembeni yake, umekivuta nje kidogo. Kiti kilikuwa kitupu.

"Wageni walikuwa wamejaa," nikasema. "Labda kulikuwa na mtu ameinuka."

"Labda," Tsona akasema, akavua miwani.

Tulibandika wote. Ungefanyaje na Dobrin wengi hivyo, uwatie jikoni kuwashia moto? Tsona alibeba ndoo ya gundi huku ananuna, nami nikabeba Dobrin. Tulianza kivukoni, pale wanapovukia kwenda kwa Waromania, tukapanda na barabara nguzo kwa nguzo, duka kwa duka, hadi getini kwangu. Watu walisimama. Mwenye duka la mikate alisema ni aibu, kisha akasema ukweli Dobrin hajawahi kupendeza vile. Tulipopita tena kituo cha basi tulimkuta mzee mmoja amevua kofia, ameisogelea karatasi na kutega sikio.

"Anasemaje?" Tsona akamuuliza kwa kejeli.

"Sisikii vizuri," mzee akasema. "Lakini hanisemeshi mimi."

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi, ile mvua ndogo ya mto ambayo haina haraka. Nilibandika sufuria ya maharage jikoni. Nikajilaza kwenye kochi. Moyo ulikuwa unadunda kama wa bibi harusi, na maneno ya Tsona yalinizunguka kichwani: usiitike, usiitike.

Alitokea kivukoni. Nilimwona tangu huko, japo nilikuwa jikoni, kwa sababu kuta zilikuwa zimekwenda mahali. Alipanda barabara taratibu akiwa na viatu vyake vya reli. Kila nguzo alisimama, akajisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na karatasi aliyoisoma ikabaki nyeupe nyuma yake. Alikuwa anajikusanya. Kila alipokusanya mmoja alizidi kuwa mzito, na rangi ikamrudia, mpaka alipofika getini alikuwa na mashavu yake ya waridi na kivuli chake kimekaa mahali pake. Mto ulimfuata nyuma mtulivu kama ng'ombe arudiye nyumbani.

Akaingia, akaketi kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa kando ya jiko na upawa mkononi. Akaweka mkono kwenye mgongo wa kile kiti kingine, chenye mashimo manne kwenye mto, akakivuta nje. Akafungua mdomo.

"Temenuga, keti. Chakula kinapoa."

Sauti yake! Nilikuwa nimeisahau kuwa ni nzito hivyo.

"Nakuja," nikasema.

Ilinitoka tu. Nikageuka kuchukua mkate. Nikageuka, nikakumbuka vijiko. Nikageuka, mtindi. Kila nilichopeleka mezani kilizaa kingine cha kufuata, na kila nilipogeuka Dobrin alikuwa bado ananingoja, mkono kwenye kiti, sahani yake hajaigusa. Hakunihimiza. Alingoja tu, na maharage yakawa yanapoa, na mwanga wa manjano ukawa unafifia kwenye meza. "Nakuja," nikamwambia, "nakuja, nakuja," na nikaamka na neno hilo mdomoni.

Maharage yalikuwa yanachemka. Nje geti likalia, Tsona akaingia na mwavuli unaochuruzika.

"Umelia. Amekuja? Amesema?"

"Amesema."

"Na wewe? Usiniambie umeitika."

"Nimeitika. Nimemwambia nakuja."

Tsona alifanya ishara ya msalaba, mwavuli ukamponyoka. "Mama Mtakatifu! Temenuga! Unakuja wapi?"

"Mezani," nikasema.

Nikamweleza. Nilimweleza huku machozi yananitiririka na sikuyafuta. Kwamba Dobrin hakuwa na siri wala ujumbe kutoka huko aliko. Alikuwa anasema kile alichokisema kila siku ya Mungu tangu aliponioa, mchana na jioni, wageni wakiwepo au wasiwepo. Keti, chakula kinapoa. Na mimi kila siku nilimjibu nakuja, nikala nimesimama kando ya jiko, kutoka kwenye mfuniko wa sufuria, wakati yeye anakula peke yake karibu na kiti alichonivutia. Aliendelea kukivuta miaka na miaka. Siku alipochoka kukivuta, akaweka printa.

"Nilimsikia mara nyingi mno," nikamwambia Tsona. "Mwisho nikawa simsikii."

Tsona alitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi, kisha akavua koti lake lililolowa na kulitundika mlangoni.

"Basi keti," akasema. "Mimi nitapakua."

Nilikizunguka kile kiti kiuno upande, kwa mazoea. Nikajirudi. Nikakivuta, nikaketi. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani. Kutoka hapo jikoni kwangu kulionekana kugeni: dirisha lilikuwa upande wa kushoto, mzabibu ulionekana mpaka kwenye shina lake, na kiti cha Dobrin kilikuwa karibu kabisa, karibu mpaka magoti yetu yangegusana. Alikuwa amelijua hilo wakati wote. Niliweka mkono wangu kwenye mgongo wa kiti chake.

Tsona akaniwekea bakuli mbele, moshi unapanda. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipakulia chakula katika nyumba hii. Akajipakulia na yeye, akaonja, akakunja uso.

"Haya maharage hayana chumvi. Chumvi unaiweka wapi?"

Nikaanza kuinuka. Kisha nikaketi tena.

"Itafute," nikamwambia, nikachukua kijiko, nikala yangali moto.